Jangwani Anza na Paa

Hotuba kwa wakazi wa Nairobi wanaojenga nyumbani katika kaunti kame, pamoja na mafundi na wachoraji wa majengo

Wazee wetu, kina mama, vijana, mafundi, na ninyi wachoraji mlioacha meza zenu Jumamosi hii: asanteni kwa kuja. Asalaam aleikum kwa wanaoitika hivyo, na Bwana asifiwe kwa wanaoitika vile.

Wengi wetu humu ndani tunaishi Nairobi na tunajenga kwingine. Mshahara unaingia hapa, duka liko Eastleigh au Gikomba, lakini nyumba inainuka Lodwar, Garissa, Wajir, Maikona au Mandera. Pesa zinaenda kwa simu, picha za ujenzi zinarudi kwa simu. Siku mwenyewe anapofika anakuta vyumba vinne vizuri, vimepakwa rangi, vina vigae sakafuni, na hakuna anayeweza kukaa ndani kuanzia saa tano asubuhi hadi jua litue. Mama aliyejengewa nyumba hiyo ameweka kitanda chake nje, chini ya mti. Nyumba imekuwa stoo ya magunia.

Hilo linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu fedha zilizoingia mle ni jasho la miaka. Kwa hiyo neno langu leo ni moja: jangwani nyumba ni paa. Anza na paa, kuta zitafuata.

Tutazame kwanza ramani zinazotoka hapa mjini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Julai tunavaa sweta. Mchoraji wa hapa amezoea kulitafuta jua liingie sebuleni, amezoea kuta za mawe ya Ndarugo, na dirisha kubwa analigeuza kwenye barabara, popote barabara ilipo. Lodwar iko kwenye mita kama 500, na Garissa haifiki 200. Mchana wa Lodwar hupita nyuzi 34 za selsiasi karibu mwaka mzima, na usiku wake mara nyingi haushuki chini ya 23. Ukiichukua karatasi ile ile ukaipeleka huko, umemjengea mtu wa joto nyumba ya mtu wa baridi, na hakuna fundi atakayelirekebisha hilo kwa mwiko.

Sasa paa lenyewe. Jua la adhuhuri, anga likiwa wazi, humwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita mraba. Chukua nyumba ya kawaida ya mita nane kwa sita. Paa lake ni mita mraba 48, na hapo sijahesabu upenu. Ni kama umepanga pasi 48 za stima juu ya kichwa cha mama yako, zote zimewashwa. Ukuta haubebi mzigo wa namna hiyo. Lodwar iko nyuzi tatu tu kaskazini mwa ikweta. Kuelekea mwisho wa Machi, na tena katikati ya Septemba, jua la mchana hukaa utosini kabisa na kivuli cha mtu hujificha chini ya miguu yake. Ukuta hupigwa na jua asubuhi au jioni. Paa hupigwa kutwa.

Fanya jaribio hili ukienda likizo. Ingia saa nane mchana katika nyumba ya mabati ya geji 30 isiyo na dari. Nyoosha mkono juu, usiguse bati, bakisha shibiri moja. Utahisi kiganja kinachoma. Kisha pitisha kipande cha kadibodi kati ya kiganja na bati: joto linakatika papo hapo. Kadibodi hiyo haikupoza hewa ya chumba hata kidogo. Imekinga tu joto linalomulika kutoka juu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mateso ya mle ndani hailetwi na hewa, inaletwa na bati linalomulika vichwa vya watu. Ndiyo maana feni peke yake haitoshi, na ndiyo maana dari, hata iwe ya mkeka wa mkoma, hubadilisha chumba kuliko watu wanavyodhani.

Rangi ya bati nayo ina kazi kubwa. Siku hizi kila mtu anataka mabati ya rangi ya damu ya mzee au ya makaa, kwa sababu ndiyo yanayopendeza kwenye picha. Naomba tuyaache huku kwenye baridi. Bati jipya lisilo na rangi hung'aa na kurudisha mwanga mwingi, lakini likishapata joto haliliachii upesi, kwa hiyo nalo huchemka. Kinachofanya kazi mbili kwa pamoja, kurudisha mwanga na kuachia joto, ni weupe: rangi nyeupe ya paa kwa mwenye uwezo, au chokaa iliyochanganywa na maji na gundi nyeupe ya mbao kwa asiye nao. Chokaa huisha, kwa hiyo hurudiwa kabla ya kila kiangazi. Ni kazi ya ndoo moja na brashi.

Baada ya rangi, nafasi. Bati lisilale juu ya dari. Liinuliwe, upepo upite katikati na kuondoka na joto kabla halijashuka. Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando huko Burkina Faso, alijenga shule ya kijijini kwao iliyokamilika mwaka wa 2001 kwa njia hiyo: kuta za udongo, dari ya matofali ya udongo, na paa la bati lililoinuliwa juu ya nondo zilizosukwa, likiwa na upenu mpana. Mwaka wa 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika fani ya usanifu majengo, na akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Lakini kabla ya tuzo hiyo alikuwa amefika kwetu. Kampasi ya Startup Lions, kando ya Ziwa Turkana, iliyokamilika 2021, ni kazi yake. Imejengwa kwa mawe ya hapo hapo, na ina minara mirefu inayotoa hewa moto juu huku hewa iliyo baridi kidogo ikiingia chini. Wazo la minara hiyo alilitoa kwenye vichuguu vya mchwa ambavyo kila mtoto wa Turkana amevipanda. Vijana wanaosomea ujenzi katika vyuo vya hapa Nairobi, nendeni mkaione. Ni safari ya basi, si ya ndege.

Jambo linalofuata halina gharama yoyote, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote: nyumba inatazama wapi. Upande mrefu utazame kaskazini na kusini, upande mfupi utazame mashariki na magharibi. Jua letu hupita juu, kwa hiyo upenu wa mita moja unatosha kuukinga ukuta wa kaskazini na wa kusini karibu siku nzima. Jua la saa kumi jioni huja limelala, na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Ukuta wa magharibi basi usiwe na dirisha la chumba cha kulala. Weka huko stoo, choo, bafu, tangi la maji, au mti. Namwomba kila mchoraji aliyeko hapa, kabla hajapiga mstari wa kwanza, atie alama ya kaskazini kwenye karatasi na aulize ploti iko wapi. Nimeona ramani nyingi ambazo alama ya kaskazini imechorwa kwa mapambo.

Hapa lazima niseme kitu ambacho huenda kitawashangaza wanaopenda kuta nene. Tunasifu sana majengo ya udongo ya Yemen na Iran, na yanastahili sifa. Mji wa Shibam katika bonde la Hadhramaut una majumba ya matofali ya udongo yenye ghorofa hadi saba, na mengi ni ya kuanzia karne ya 16. Yazd, Iran, ina minara inayodaka upepo na kuushusha vyumbani. Ukuta nene hunywa joto mchana na kulitoa usiku, na mahali ambapo usiku una baridi hiyo ni neema. Lakini usiku wa Lodwar na wa Garissa hauna baridi ya kutosha. Ukuta uliokunywa joto kutwa utalitoa saa tatu usiku, wakati watoto wanataka kulala. Kwa hiyo nyumba yetu inahitaji sehemu mbili: chumba cha mchana chenye kuta nzito na madirisha madogo, na mahali pa usiku pepesi panapopitisha upepo. Baraza pana lililozungushiwa wavu wa mbu linatosha. Fito na mikeka inatosha.

Na hilo wazee wetu walilijua. Aqal, yaani kibanda cha fito na mikeka cha Wasomali, vibanda vya makuti ya mkoma vya Waturkana, nyumba za Wagabra na Warendille zinazobebwa na ngamia: zote ni nyepesi, zinapumua, na zote zimejengwa na wanawake. Mama anajua upepo unatoka wapi mwezi gani. Anajua mlango uwekwe upande upi. Tunapokuja na ramani ya vyumba vinne, huyo mama ndiye mtu wa mwisho kuulizwa, na ndiye atakayepika mle na kulala mle. Mmisri Hassan Fathy alijenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor miaka ya 1940, kwa matofali ya udongo na mapaa ya kuba yaliyoinuliwa na mafundi Wanubi bila mbao za kushikilia. Kilikuwa kijiji kizuri, cha bei ya chini, chenye ubaridi. Wengi wa waliojengewa hawakutaka kuhamia, kwa sababu riziki yao ilikuwa kule walikotolewa. Udongo haukuwa na kosa lolote.

Kuta sasa. Simenti yetu nyingi inasagwa Athi River. Kila mfuko unaofika Mandera umepanda lori karibu kilomita 1,000, na bei yake imepanda njiani. Kisha kokoto, kisha maji ya kuchanganyia, mahali ambapo mtungi wa maji ya kunywa wenyewe unanunuliwa. Juu ya hayo, utengenezaji wa simenti hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Sisi tuliokaa misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, tuna haki ya kulifikiria hilo tunapopakia lori.

Simwambii mtu aache simenti kabisa. Nasema tuitumie kidogo, mahali inapohitajika. Tofali la udongo la kushikamana hufyatuliwa kwa mashine ya mkono, sehemu moja ya simenti kwa sehemu kama 12 hadi 18 za udongo, kutegemea udongo wenyewe. Halichomwi, kwa hiyo halikati mti hata mmoja. Linaingiana na mwenzake, kwa hiyo halihitaji chokaa nene ya simenti katikati. Babu wa mashine hizi ilitengenezwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, na leo zinatengenezwa hapa hapa Nairobi. Mashine moja na vijana wachache wa kijijini, na fedha ambayo ingelipa lori inabaki mifukoni mwa vijana hao.

Udongo wenyewe unapimwa kwa chupa. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, iliyonyooka. Ijaze udongo hadi theluthi moja, tia maji hadi karibu na shingo, tia chumvi kidogo, funga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, kisha iache mahali tulivu hadi kesho yake. Asubuhi utaona matabaka: mchanga chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa mwingi na mfinyanzi upo wa kutosha kuushika, udongo huo unafaa. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, kwa hiyo ongeza mchanga wa laga, yaani wa mto mkavu. Udongo mweusi unaofura mvua ikinyesha uache kabisa, na usiujengee nyumba juu yake bila kuuchimba uutoe. Na udongo wa juu wenye mizizi na samadi si wa matofali, huo ni wa shamba. Chimba chini ya mizizi.

Tofali likishafyatuliwa linataka kivuli na unyevu. Lifunikwe kwa nailoni, limwagiwe maji kwa wiki ya kwanza, lisijengewe kabla ya siku 28. Mafundi wanaoanika matofali juani yakauke haraka wanaua simenti kabla haijashika, na ndiyo hayo yanayomomonyoka, halafu watu wanasema udongo haufai.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye paa. Kivuli hicho kitoke wapi, huko kwetu? Na maji hayo? Simamisha nguzo kwanza, ezeka kwanza. Funga gata na tangi. Ukishafanya hivyo una kivuli cha mita mraba 48 cha kufyatulia na kukaushia matofali, na una mahali pa kudaka maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ni lita moja. Lodwar hupata kama milimita 200 kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo linapokea karibu lita 9,600. Ukiondoa zinazopotea, unabaki na zaidi ya 7,000. Mvua yetu huja kwa vishindo vichache, kwa hiyo tangi liwe kubwa, na maji ya mvua ya kwanza yamwagwe maana yanaosha vumbi na chokaa. Familia inaanza kukaa chini ya paa hilo siku hiyo hiyo kama kivulini. Mwezi unaofuata ukituma pesa kidogo, unajaza ukuta mmoja. Mwaka unaofuata, chumba cha pili. Hakuna mkopo, na hakuna kuta zisizo na paa zinazoliwa na mvua miaka mitatu zikisubiri mabati. Sisi wote tunazijua kuta hizo.

Lakini paa lisilo na kuta linataka adabu. Upepo wa kaskazini ni upepo wa kweli. Si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimamishwa karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310. Nguzo zizikwe kwenye zege, zifungwe kwa mbao za mshazari kila kona, na kenchi zishikwe kwa ukanda wa chuma, si kwa misumari mitupu. Simenti ninayoiokoa kwenye kuta naitaka hapo. Na naitaka kwenye msingi. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliingia Garissa na Mandera mahali ambapo mwaka uliotangulia mifugo ilikuwa ikifa kwa kiu. Usijenge ndani ya laga hata kama imekauka tangu uzaliwe. Msingi uwe wa mawe, uinuke hadi magotini, ndipo tofali la udongo lianze. Na mchwa nao hawasamehi nguzo ya mbao isiyotiwa dawa.

Kuhusu sheria nitakwenda haraka. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Matofali ya udongo yaliyoimarishwa yana kiwango chake katika Shirika la Viwango la Kenya tangu 1993, kwa hiyo afisa anayesema hayaruhusiwi aombwe aonyeshe ni wapi imeandikwa hivyo. Kanuni mpya za ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Na wote tunaolipwa mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mna haki ya kuuliza, kwa barua na kwa heshima, kama ramani ya nyumba ya Garissa ni tofauti na ya Ngara, hapa Nairobi. Mimi nataka iwe tofauti. Bei nafuu ihesabiwe pamoja na stima ya miaka ishirini. Feni hula wati kama 60, na paneli ndogo ya jua inaiweza. Mashine ya kupoza hewa hula wati 1,000 na zaidi, na hapo mzee aliyestaafu ameshindwa. Nyumba inayomlazimisha kununua ubaridi kila mwezi si ya bei nafuu, hata ikitolewa bure.

Ninachowaomba ninyi mnaotuma pesa ni hiki: kabla ya kutuma awamu inayofuata, mpigieni fundi simu mumuulize ukuta wa magharibi una nini. Kama nyumba bado iko kwenye msingi, kuna nafasi ya kubadilisha mengi. Kama imeshaezekwa, kuna chokaa, kuna dari ya mkeka, kuna baraza la kuongeza upande wa jua la jioni. Miti ya mathenge iliyovamia malisho yetu haina nguzo ndefu zilizonyooka, lakini kwa nguzo fupi za baraza na za ua inatosha, na kila tunayoikata inawapa nyasi nafasi.

Mashine ya kufyatulia iko uani, karibu na lango. Tumeleta udongo wa aina tatu kutoka Lodwar, Garissa na Maikona, na chupa zake zimetikiswa tangu jana jioni, kwa hiyo matabaka yameshatulia na mnaweza kuyasoma wenyewe. Wachoraji wenye ramani mkononi, nitakuwa kwenye meza ya nyuma hadi saa kumi. Njooni na ploti zenu na mniambie kaskazini iko wapi. Mafundi watangulie uani, kwa sababu wenzetu waliouleta udongo wanapanda basi la jioni kurudi.